Vita ya Shifta: kila upande una hadithi yake, na watu wa NFD hawamo kwa hata moja

Ukimuuliza Mkenya aliyepitia shule zetu vita ya Shifta, ile ya kaskazini mwa Kenya ya 1963 hadi 1967, ilisababishwa na nini, atakujibu haraka, Somalia ilitaka kumega nchi yetu ikatuma majambazi wavuke mpaka, jeshi likawapiga, basi. Ukimuuliza mtu aliyelelewa Mogadishu miaka ya 60 atakwambia wale walikuwa ndugu zao, mkoloni aliwatupa ndani ya nchi ya watu wengine na wao wakapigania kurudi kwao. Siku hizi kuna jibu la tatu, hili la vijana wa mtandaoni, kwamba yote ilikuwa mafuta na janja ya Mwingereza. Mimi nimeifuatilia hii vita muda mrefu, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona majibu yote matatu yana kasoro moja: watu wenyewe wa NFD (Northern Frontier District, jina la kikoloni la kaskazini mwa Kenya), wale waliokuwa na ngamia na visima na watoto pale, hawaonekani kama watu wenye akili na sababu zao. Wanaonekana wa kutumwa na Mogadishu, au wa kukombolewa na Mogadishu, au wa kuchezewa na London.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Vita ilizaliwa na mambo mawili yaliyofuatana, kwanza miaka kama 60 ya kufungiwa, halafu wakaulizwa mnataka nini, wakajibu, na jibu lao likawekwa kando kana kwamba hakuna aliyeuliza. Somalia ilileta bunduki na redio, na hilo si jambo dogo, nitalifikia. Ila bunduki zilikuta watu ambao tayari walikuwa wameshajua kwamba kuongea hakusaidii.

Tuanze na kufungiwa maana ni jambo ambalo wengi huliruka. NFD ilikuwa Garissa, Wajir, Mandera, Moyale, Marsabit na Isiolo, zaidi ya theluthi moja ya ardhi ya Kenya. Tangu sheria ya 1902 Mwingereza alijipa uwezo wa kufunga wilaya za pembezoni, mwaka 1926 akaifunga NFD yenyewe, na mwaka 1934 ikaja sheria nyingine ya wilaya maalum iliyompa DC, yaani mkuu wa wilaya, mamlaka ambayo DC wa Nyeri au wa Kisumu hakuwa nayo kwa kiwango kile. Huingii bila pasi, hutoki bila pasi. Kabila hili lilishe mifugo upande huu wa mstari, kabila lile upande ule, ukivuka unakamatwa na wanyama wako wanachukuliwa. Shule karibu hakuna, barabara ni ya lori la serikali, na siasa za vyama zilizokuwa zinachemka Nairobi na Mombasa huko hazikufika kwa sababu hazikuruhusiwa kufika. Hadi leo ukikaa na wazee wa Isiolo kwenda juu utasikia mtu akitoka Nairobi anaulizwa "habari ya Kenya?" na hakuna anayecheka, ni salamu ya kawaida. Watu wengi wa kusini hukasirika wakisikia hivyo, wanasema hawa hawajawahi kujiona Wakenya. Lakini jamani, ni nani aliyewafundisha kwamba Kenya inaanzia ng'ambo ya kizuizi cha barabarani pale Isiolo? Si wao waliokiweka.

Na mipaka yenyewe ilikuwa inachezewa mbele ya macho yao. Jubaland, pamoja na Kismayu, ilikuwa sehemu ya Kenya hadi 1925 Mwingereza alipoikabidhi Italia kama zawadi ya vita kuu ya kwanza. Kwa hiyo mtu ambaye babake alilisha ngamia pande zote mbili za huo mstari alishaona kwa macho yake kwamba mpaka ni kitu wazungu wanakisogeza wakitaka. Mwaka 1946 waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, Ernest Bevin, akatoa wazo kwamba nchi za Wasomali ziwekwe chini ya utawala mmoja. Wazo likafa, lakini lilishasikika. Chama cha vijana wa Kisomali, SYL, kikafungua matawi hadi ndani ya NFD, serikali ya Kenya ikakipiga marufuku 1948. Halafu 1 Julai 1960 Somalia ikapata uhuru na bendera yenye nyota ya ncha tano, na moja kati ya hizo ncha tano ilikuwa NFD. Hapa Nairobi wana haki ya kusema waliona tishio, nchi jirani imekuchora kwenye bendera yake kabla hata wewe hujapata uhuru, lazima ushtuke.

Sasa tufike 1962, na hapa nataka tukae kidogo kwa sababu naamini hapa ndipo vita ilipoamuliwa, kabla ya risasi yoyote. Kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House, ujumbe wa NFD akiwemo Abdirashid Khalif aliyekuwa mjumbe wa eneo hilo bungeni, ulienda London ukasema wazi sisi hatutaki kuingia kwenye uhuru wa Kenya, tunataka tujitenge kwanza halafu tuungane na Jamhuri ya Somalia. KANU na KADU, vyama vikubwa viwili vya Kenya wakati huo ambao walikuwa hawakubaliani kwa mengi, kwa hili walikubaliana, hapana. Waziri wa makoloni Reginald Maudling akatafuta njia ya katikati akaahidi tume itakayoenda kuuliza watu wenyewe. Mwisho wa mwaka huo huo tume ikaenda, watu wawili tu, mwanasheria kutoka Nigeria G.C.M. Onyiuke na jenerali kutoka Kanada M.P. Bogert. Wakazunguka wilaya kwa wilaya, wakafanya mabaraza ya hadhara, wakapokea wajumbe na barua.

Fikiria ile hali. Wafugaji wametembea siku kadhaa kufika kwenye baraza, mara ya kwanza maishani serikali inawauliza swali la siasa, si kodi, si ng'ombe wa wizi, inawauliza mnataka nchi gani. Na walijibu. Ripoti iliyotoka Desemba 1962 inasema Wasomali karibu wote kwa kauli moja wanataka kujitenga. Lakini kuna jambo lingine ndani ya hiyo ripoti ambalo watu hawalitaji, kwamba waliotaka kujitenga hawakuwa Wasomali peke yao. Walikuwemo Waislamu wengine, Waajuran, Wasakuye, na sehemu ya Waborana wa upande wa Isiolo, wakati kule Marsabit na kwa Waborana wengi wa Moyale maoni yalikuwa kubaki Kenya. Kwa kiasi kikubwa mgawanyiko ulifuata dini kuliko damu ya Kisomali. Hili linaharibu hadithi ya Mogadishu ya kabila moja linalotaka kuungana, na linaharibu pia hadithi ya Nairobi ya wageni waliojipenyeza, maana Msakuye si mgeni kutoka popote, hana Somalia ya kurudi.

Ripoti ikapokelewa. Machi 1963 waziri mpya wa makoloni, Duncan Sandys, akatangaza kwamba NFD haitajitenga, sehemu ya Wasomali itafanywa jimbo la saba la Kenya, yaani North Eastern. Somalia ikakata uhusiano wa kibalozi na Uingereza mwezi huo huo. Uchaguzi wa Mei 1963 uliofanya Wakenya wengine wacheze barabarani kule NFD ukasusiwa na Wasomali. Agosti wakakutana Roma, Uingereza na Somalia, na wajumbe wa Kenya wakiwepo, hakuna kilichotoka. Mwingereza alikuwa ameshahesabu faida yake, Kenya yenye mashamba ya walowezi, bandari na kambi za jeshi ilikuwa na thamani kwake kuliko jangwa, na hakutaka kugombana na Kenyatta miezi michache kabla ya uhuru.

Lazima niwe wa haki kwa viongozi wa Kenya wa wakati ule. Wao hawakuwa wanatetea jangwa kwa ukaidi tu. Walikuwa wametazama jimbo la Katanga likijitenga na Kongo mwaka 1960 na damu iliyomwagika mpaka 1963, na walijua ukifungua mlango mmoja kuna wengine wanasubiri. Watu wa Mwambao, yaani harakati ya kujitenga ya huko Pwani, walikuwa wanadai ukanda wa maili kumi urudi kwa Sultani wa Zanzibar au uwe nchi yake. Huko Bonde la Ufa majimbo, yaani kila eneo lijitawale, ilikuwa inaongelewa kwa hasira. Mei 1963 Addis Ababa, kwenye kuundwa kwa OAU, umoja wa nchi za Afrika, Kenya ilipeleka hoja kwamba haki ya watu kujiamulia ni ya kumwondoa mkoloni, si ya kuvunja nchi huru vipande. Ethiopia wakaiunga mkono moja kwa moja kwa sababu wao nao walikuwa na Ogaden, eneo lao la Wasomali ambalo Somalia ililidai, na mwaka huo huo nchi hizo mbili zikafunga mkataba wa ulinzi. Julai 1964 pale Cairo OAU ikaamua mipaka ya wakati wa uhuru iheshimiwe, Somalia ikakataa uamuzi huo. Kwa macho ya bara, Kenya ilikuwa na hoja nzuri, na mimi sisemi NFD ilipaswa kukatwa. Ninachosema ni kwamba huwezi kumuuliza mtu, akakujibu, ukamnyamazia, halafu ukashangaa amepata wapi hasira.

Damu ya kwanza kubwa ilikuwa ya Waborana wenyewe. Tarehe 28 Juni 1963, hata uhuru bado, DC wa Isiolo Daudi Dabasso Wabera na Chifu Haji Galma Dido waliuawa kwa risasi wakiwa kwenye safari yao ya kuzunguka kuwashawishi watu wabaki Kenya. Wabera alikuwa kijana, Mborana, mmoja wa Waafrika wa kwanza kukalia kiti cha DC ambacho tangu zamani kilikuwa cha mzungu. Haji Galma alikuwa mzee wa kuheshimika kwa Waborana wa Waso, yaani wa upande wa Isiolo. Nairobi leo kuna Wabera Street katikati ya mji, maelfu wanaipita kila siku kwenda benki na kwenye matatu na ukiwauliza Wabera ni nani wengi hawajui. Hayo mauaji yanaonyesha kitu ambacho hadithi zote mbili kubwa zinakificha, kwamba kabla haijawa vita ya Kenya na Somalia ilikuwa mgogoro ndani ya kaskazini yenyewe, ndani ya ukoo, ndani ya msikiti mmoja, huyu anataka huku na yule anataka kule, na yule wa katikati ndiye aliyepigwa risasi.

Uhuru ukaja 12 Desemba 1963 na mwezi haukuisha kabla hali ya hatari kutangazwa North Eastern. Wapiganaji walijiona jeshi la ukombozi wa NFD, serikali ikawaita shifta, yaani majambazi, na jina la serikali ndilo lililobaki. Mwanzoni wengi walikuwa na bunduki za zamani, wanashambulia kituo cha polisi na kupotelea vichakani. Baadaye, katikati ya vita, yakaanza mabomu ya kutegwa barabarani na lori za jeshi zikawa zinaruka.

Na hapa serikali ikafanya kile kile mkoloni alichokuwa akifanya, adhabu ya pamoja. Mwaka 1966 ikaamuliwa watu wakusanywe kwenye vijiji vyenye ulinzi. Garba Tulla, Merti, Modogashe na kwingine, familia za wafugaji ziliambiwa zihamie ndani ya boma la miiba karibu na kituo cha jeshi, na mtu au mnyama atakayekutwa nje ya eneo lililoruhusiwa ahesabiwe shifta. Mtu ambaye hajawahi kufuga hawezi kuelewa hiyo amri ina maana gani. Ngamia hafungiwi. Ngamia anahitaji kwenda mbali, siku nyingi, kufuata majani na chumvi, ukimweka pamoja na mamia wengine kuzunguka kisima kimoja majani yanakwisha haraka sana, halafu magonjwa yanaingia, halafu anakufa. Wasiokufa kwa njaa walipigwa risasi na askari wakiwa malishoni. Waborana wa Waso kipindi hicho wanakiita Gaafa Daba, na wakihesabu umri au ndoa wanahesabu kabla yake na baada yake. Wasakuye waliokuwa watu wa ngamia hasa walitoka kwenye vita wengi wao wakiwa hawana mnyama hata mmoja, wakaishia kulima vishamba au kuomba kazi mjini.

Kwa hiyo tunapouliza chanzo, tusidhani chanzo ni kimoja kilichokaa mwaka 1963 kikangoja. Vijana wengi waliingia porini kwa sababu ya yale waliyofanyiwa vita ikiwa tayari inaendelea. Mborana ambaye 1963 alimlilia Wabera, 1966 ameona ng'ombe wa babake wakipigwa risasi na askari wa serikali ile ile ambayo Wabera alikufa akiitetea, huyo hakuhitaji redio ya Mogadishu kumwambia kitu.

Na sisi watu wa Pwani tusijifanye haikutugusa. Amri za hali ya hatari zilifika Tana River na Lamu. Wabajuni wa upande wa bara wa Lamu na visiwa vya kaskazini, kuelekea Kiunga na Ishakani mpakani, waliacha vijiji, mashamba na minazi wakakimbilia Lamu mjini, Malindi na Mombasa, na wengi hawakurudi. Vijiji vyao vingine vimebaki visima na makaburi. Mbajuni hakuwa ameomba kujitenga na mtu.

Haya sasa Mogadishu, maana hoja yenye nguvu zaidi dhidi yangu iko hapa. Silaha zilitoka huko, mafunzo huko, redio ilikuwa inapiga kelele kila siku hadi kwa Kiswahili, na Somalia wakati huo ilikuwa imeanza kupata msaada wa kijeshi kutoka Urusi ya Kisovieti. Halafu angalia vita ilivyoisha. Julai 1967 Mohamed Haji Ibrahim Egal akawa waziri mkuu wa Somalia, Septemba wakaongea Kinshasa kwenye mkutano wa OAU, na 28 Oktoba 1967 yeye na Kenyatta wakatia saini Arusha, Rais Kaunda wa Zambia akiwa msuluhishi. Ndani ya muda mfupi mapigano yakapungua hadi karibu kuisha. Mtu atasema, si unaona, bomba lilifungwa Mogadishu maji yakakatika Garissa, kwa hiyo ilikuwa vita ya Somalia. Ni hoja nzito na siwezi kuikwepa. Bila Somalia isingekuwa vita ya miaka minne, ingekuwa uasi mdogo uliozimwa mapema.

Lakini angalia pia kwa nini Egal aliacha. Kenya ilikata biashara na Somalia 1966, mfereji wa Suez ukafungwa Juni 1967 ndizi za Somalia zikakosa njia nzuri ya kwenda Italia, hazina ikawa tupu, na vita na majirani wawili kwa wakati mmoja ikawa haibebeki. Hakuacha kwa sababu watu wa NFD wamepata walichotaka au wamebadili mawazo. Ndiyo maana mazungumzo ya kwanza, aliyoyaandaa Nyerere hapo hapo Arusha Desemba 1965 kati ya Kenyatta na Rais Aden Abdulle Osman, yalivunjika, na ya 1967 yakafaulu: kilichobadilika ni mfuko wa Mogadishu. Na hati ya Arusha ukiisoma inaongea kurudisha uhusiano wa kibalozi, kuacha propaganda za redio, kurejesha biashara. Mtu wa Wajir hakukaa kwenye meza ile. Kwa hiyo kufunga bomba kulimaliza mapigano, swali la 1962 likabaki pale pale.

Kuna kipimo kingine napenda kukitumia, nacho ni Mwambao. Wakati ule ule, nchi ile ile, watu wa Pwani nao walidai kujitenga, wakawa na vyama, wakapata tume yao ya James Robertson mwaka 1961, ikapendekeza ukanda uingie Kenya. Na wao walikosa. Mbona Mwambao haikuwa vita? Sehemu ya jibu ni ile ile ya Mogadishu, hakukuwa na dola nyuma yao, Zanzibar yenyewe Oktoba 1963 iliweka saini kuuacha ukanda. Ila sehemu nyingine ni kwamba Pwani haikuwahi kufungiwa. Mtu wa Mombasa alikuwa na gazeti, chama, shule, bandari, jirani Mgiriama aliyemwambia uso kwa uso mimi sitaki Sultani wako, na baada ya kushindwa alikuwa na mahali pa kuendelea kubishana. Mtu wa Mandera alikuwa na DC na kizuizi cha barabarani. Ukiziweka hizo kesi mbili pamoja unaona dola ya nje inaeleza vita ilivyodumu, na kufungiwa kunaeleza kwa nini watu walikuwa tayari kuianza.

Hii ya mafuta nitaipita haraka. Ni kweli Shell na BP walikuwa wanatafuta mafuta kaskazini mashariki tangu miaka ya 1950, lakini hawakupata ya kuuza, na hata hayo madai ya NFD yalikuwepo tangu SYL kabla ya hao wachimbaji kufika. Watu wanaipenda hii hadithi kwa sababu inamfanya kila mtu awe mwathirika wa mzungu na hakuna Mwafrika wa kujibu.

Na kuna wa kujibu. Mwaka 1965 serikali ilitoa Sessional Paper namba 10, waraka wa sera ya uchumi, iliyosema pesa za maendeleo ziende kwanza kwenye maeneo yenye ardhi nzuri na mvua, maana yake kaskazini isubiri, vita ikiwa bado inaendelea. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kinga, hakuna askari wala afisa atakayeshtakiwa kwa aliyoyafanya huko kati ya 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967. Hali ya hatari ilibaki hadi 1991, karibu miaka 28, mtoto aliyezaliwa siku ilipotangazwa alikuwa na watoto wake ilipoondolewa. Ndani ya kipindi hicho tukapata mauaji ya Wagalla kule Wajir Februari 1984, na msako wa 1989 ambapo Msomali wa Kenya alipewa kadi ya ziada ya kuthibitisha ni Mkenya.

Ndiyo maana mjadala wa chanzo si wa watu wa vitabu tu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake Mei 2013 na vita ya Shifta imo ndani. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaomba radhi kwa dhuluma za serikali zilizopita na akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10. Ukishikilia kwamba ilikuwa kazi ya majambazi kutoka nje, basi yule Msakuye aliyepoteza ngamia ndani ya boma la miiba anahesabiwa kuwa jirani wa majambazi aliyepata bahati mbaya, hakuna anayemdai chochote. Ukikubali kwamba ilikuwa siasa, kwamba raia waliulizwa wakajibu na serikali mbili zikachagua kutosikia, anakuwa na kesi. Nakala ya ripoti ya 1962 ipo, iliyochapishwa na serikali ya Uingereza yenyewe, mtu yeyote anaweza kuisoma, na mimi ningependa Bunge liifungue mezani siku watakapojadili ile ya 2013 wazee waliosimama kwenye yale mabaraza wakiwa bado wapo.